Mkaguzi Akifika Zizini: Haki na Wajibu wa Mwenye Punda au Farasi

Kama una punda wa mkokoteni kule Mwea, farasi wa kupandisha watalii ufuoni Mombasa, au farasi wa mashindano anayelala bandani huko Karen, huenda siku moja ukabishiwa hodi na mtu usiyemtarajia. Atasema amekuja kumwona mnyama wako. Pengine jirani amelalamika kuwa punda ana vidonda mgongoni, au mpita njia amempiga picha akaisambaza kwa simu. Je, umruhusu aingie? Akitaka kuondoka na mnyama, ana haki hiyo? Akishaondoka naye, utampataje tena?

Maswali haya huwasumbua watu wengi kwa sababu hakuna aliyewahi kuketi nao akawaeleza. Nitayajibu kwa kufuata sheria za Kenya, na mwishoni nitasema machache kwa wasomaji wa Tanzania. Huhitaji kuwa umesoma sheria ili kufuatilia. Kuwa na daftari na kalamu tu, maana mengi nitakayokushauri ni ya kuandika.

Tuanze na umiliki. Punda wako ni mali yako, sawa na shamba au pikipiki. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya kila mtu kumiliki mali ya aina yoyote, na Serikali haiwezi kukupokonya ovyo bila kufuata sheria. Sheria ya makosa ya jinai nayo haimdharau punda hata kidogo. Kifungu cha 278, kinachohusu wizi wa mifugo, kinamtaja pamoja na farasi, nyumbu, ngamia, ng'ombe na mbuzi, na mwizi wake anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Lakini mali hii ina uhai, inasikia njaa na maumivu, na hapo ndipo sheria nyingine inapoingia. Inaitwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Chini yake, kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo unaomzidi nguvu, kumwendesha kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au na jeraha, kumnyima chakula na maji, au kumtelekeza bila sababu ya maana ni makosa ya jinai. Kusema "ni punda wangu, nilimnunua kwa pesa zangu" si utetezi. Umiliki unakupa haki ya kumtumia, kumuuza au kumrithisha mtoto wako, lakini haukupi ruhusa ya kumtesa.

Adhabu ni gani? Kosa la ukatili lina faini isiyozidi Sh3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Najua unachowaza: faini hiyo haifiki hata bei ya gurudumu zuri la mkokoteni. Ni kweli, na binafsi naiona ndogo mno kumtisha mkatili wa kweli. Hata hivyo usiidharau. Kesi ina siku zake za kwenda na kurudi kortini, na siku hizo hufanyi kazi. Ukipatikana na hatia, rekodi hiyo inaweza kukufuata utakapokwenda kuomba cheti cha maadili mema ili upate kazi. Mahakama pia ina uwezo wa kumwondoa mnyama mikononi mwa mtu aliyemtesa, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko faini.

Kama umeajiri kijana wa kuendesha mkokoteni au saisi wa kutunza farasi, usidhani lawama zitamwangukia yeye peke yake. Aliyeshika mjeledi anaweza kushtakiwa kwa alichofanya, na wewe mwenye mnyama ukashtakiwa kwa kuuruhusu ukatili huo huku ungeweza kuuzuia. Nawe saisi, agizo la tajiri wako halikukingi ukimtandika tandiko farasi ambaye mgongo wake ni kidonda kitupu.

Ni nani hasa anayekuja?

Swali hili ndilo ningetaka ulishike kuliko mengine yote, kwa sababu watu wanaoweza kufika kwako wana mamlaka tofauti.

Wa kwanza ni daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa kaunti. Tangu ugatuzi, udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya serikali za kaunti. Jambo hili limo katika Jedwali la Nne la Katiba. Ustawi hapa maana yake ni hali njema ya mnyama: anashiba, hana maumivu, haishi kwa hofu. Wa pili ni polisi, ambaye huchunguza ukatili kama kosa lingine lolote la jinai. Wa tatu ni askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, ambao mara nyingi hushughulika na wanyama wanaozurura barabarani.

Wa nne ni watu wa mashirika. Shirika la KSPCA la Nairobi hupokea malalamiko ya ukatili na kuokoa wanyama walioumia. Brooke hufanya kazi na wenye punda na farasi wa kazi. Lamu kuna zahanati ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary, iliyopo tangu 1987, na matibabu yake ni ya bure. Hawa mara nyingi ndio wenye ujuzi mwingi kuliko wote, na ushauri wao una thamani. Lakini shati lenye nembo halimpi mtu mamlaka ya kufungua lango lako. Mtu wa shirika akidai ana mamlaka ya kiserikali, mwombe kwa adabu akuonyeshe barua au kitambulisho kinachosema hivyo. Kama hana, yeye ni mgeni wako, naye ataingia kwa idhini yako. Anayeingia kwenye ardhi ya mtu bila idhini wala sababu halali anaweza kujikuta akijibu kosa chini ya Sheria ya Kuingilia Ardhi, Sura ya 294.

Kwa hiyo mtu akifika, kabla ya kuzungumza lolote kuhusu punda, uliza mambo manne: jina lake ni nani, anatoka ofisi gani, anakuja kwa sheria ipi, na nani alilalamika au nini kilisababisha ziara. Swali la mwisho huenda asilijibu kikamilifu, kwa sababu ni kawaida kulinda jina la mlalamishi. Hayo matatu ya kwanza ni haki yako kujibiwa. Andika majibu pamoja na tarehe, saa na nambari ya gari.

Je, anaweza kuingia bila ruhusa yangu?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinakulinda usipekuliwe nyumbani wala katika mali yako, na usinyang'anywe vitu vyako kiholela. Njia ya kawaida ya afisa kuingia bila idhini yako ni hati ya upekuzi. Hii ni karatasi iliyotiwa sahihi na hakimu baada ya kuelezwa, chini ya kiapo, kwa nini upekuzi unahitajika. Soma jina, mahali palipotajwa na kinachotafutwa. Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa hakimu ameandika kwamba inaweza kutekelezwa saa yoyote. Anayekuja nayo saa tano usiku na haina maneno hayo, una haki ya kumuuliza.

Zipo hali ambazo polisi anaweza kuingia bila hati. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011, kifungu cha 60, inamruhusu afisa kupekua endapo kungoja hati kutaharibu uchunguzi. Lakini ni lazima kwanza aandike sababu zake, abebe kitambulisho chake cha kazi na akuonyeshe ukimwomba, na akichukua kitu aandike alichochukua na kukifikisha mbele ya hakimu bila kuchelewa. Fikiria punda ameanguka na mguu umevunjika, naye analia kwa maumivu ndani ya boma. Hakuna hakimu atakayemlaumu polisi kwa kutosubiri karatasi katika hali kama hiyo, na mimi singekushauri usimame langoni kubishana.

Mlango mwingine ni wa magonjwa. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, maafisa wa mifugo wana mamlaka ya kukagua mahali panaposhukiwa kuwa na ugonjwa hatari, kuweka karantini na kuzuia wanyama wasihamishwe. Kwa wenye farasi, ugonjwa wa kuogopwa ni homa ya farasi ya Afrika. Hausambai kwa kugusana. Huletwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na pundamilia huweza kubeba virusi vyake bila kuonekana mgonjwa. Punda wa Afrika nao mara nyingi huupata bila dalili kubwa. Farasi hana bahati hiyo, wengi hufa. Kinga yake ni chanjo, ambayo hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, pamoja na kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Afisa akija kwa ajili ya ugonjwa huu, usimchukulie kama adui wa mali yako. Anailinda pamoja na ya jirani.

Sasa, hata pale unapoweza kumkatalia mtu, je, inafaa kumkatalia? Kwa maoni yangu, mara nyingi haifai. Mwenye punda aliyenenepa, mwenye kwato safi na maji ya kutosha kwenye ndoo, hana cha kuficha, na ukaguzi wa nusu saa unaweza kufunga malalamiko papo hapo. Kumkatalia kunaweza kumfanya arudi na polisi na hati. Mruhusu, lakini kwa masharti yako: uwepo mwenyewe au mtu mzima unayemwamini, awepo shahidi mmoja, mwende zizini moja kwa moja bila kupitia chumba cha kulala, na nawe upige picha zako za mnyama, maji, chakula na banda. Kama hutaki aingie, sema hivyo kwa utulivu: "Sikukatalii kazi yako, ila naomba uje na hati." Usimsukume, usitoe panga, usimfungulie punda ili akimbilie kwa jirani. Kumzuia afisa kufanya kazi yake halali ni kosa lingine kabisa, na kwa kawaida ndilo linalowatia watu mashakani kuliko lile la punda.

Anaangalia nini?

Wakaguzi wengi duniani hutumia kipimo kiitwacho uhuru tano, kilichokua kutokana na ripoti ya kamati moja ya Uingereza ya 1965 kuhusu mifugo. Mnyama awe huru na njaa na kiu. Awe huru na adha ya mazingira kama jua kali, mvua na matope. Awe huru na maumivu, majeraha na magonjwa. Aweze kuishi kwa tabia za asili yake. Na awe huru na hofu. Hayo ni maneno makubwa, basi tuyashushe hadi zizini.

Ataanza na mwili. Atapitisha kiganja mbavuni. Mbavu zinapaswa kuhisika ukibonyeza kidogo, lakini zisihesabike ukiwa umesimama mbali. Nyonga zikichomoza kama kona za meza, hapo kuna njaa, minyoo, meno mabovu au ugonjwa. Usisahau meno. Farasi na punda wengi hukonda huku majani yamejaa horini kwa sababu meno yametokeza ncha kali zinazowachoma mashavu. Mtaalamu anapaswa kuwaangalia kinywa angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha maji. Farasi mzima anaweza kunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na punda lita 10 hadi 25, kutegemea joto na kazi. Punda huvumilia kiu kimya kimya, na uvumilivu huo ndio unaomponza. Anaonekana mzima mpaka anapoanguka. Ndoo iliyokauka na kushika utando wa kijani ni ushahidi dhidi yako hata kabla mnyama hajaguswa. Gharama ya kurekebisha hili ni ndogo mno: ndoo safi, na kusimamisha mkokoteni mara kadhaa kwa siku ili anywe.

Kwato huangaliwa kwa makini. Kwato zilizorefuka na kupinda kwenda juu humfanya mnyama atembee kwa kisigino, na maumivu hupanda hadi mgongoni. Zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi. Fundi wa kwato ni bora kuliko panga, na naomba sana usizikate mwenyewe kwa panga. Uliza ofisi ya mifugo ya wadi au watu wa mashirika niliyoyataja wakuelekeze kwa fundi aliyefunzwa.

Halafu vidonda. Hapa ndipo punda wengi wa kazi huangukia. Atatazama pale soji inapokalia, kifuani panapobanwa na ukanda wa mkokoteni, chini ya mkia, na pembe za mdomo panapopita lijamu. Kidonda kibichi kilichofunikwa na kamba ya nailoni kinazungumza kwa niaba yako, na hakisemi mema. Badilisha kamba za nailoni kwa mikanda mipana, weka magunia laini au godoro kuukuu chini ya soji, na mnyama mwenye kidonda apumzike hadi kipone. Mkaguzi akikuta kidonda kinachotibiwa, mnyama hayuko kazini, na una karatasi ya daktari, mazungumzo hubadilika kabisa.

Mzigo nao? Mnyama asibebe uzito unaomfanya atetemeke, aanguke au agome kusonga. Kwa punda wa kawaida, mzigo wa mgongoni wa kilo 50 ni kikomo cha busara. Mkokoteni hubeba zaidi kwa sababu magurudumu ndiyo yanayochukua uzito, lakini kilima, matope na tairi lisilo na upepo huondoa nafuu hiyo yote.

Mwishoni atatazama tabia. Punda akiona mkono wako ukiinuka akajikunyata, mkaguzi ameshaelewa kinachoendelea hapo nyumbani.

Akimaliza, nifanye nini?

Mwombe aandike alichokiona na anachotaka kifanyike, kwa tarehe. Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inampa mkaguzi uwezo wa kutoa notisi ya kuboresha: inataja kasoro, hatua za kuchukua na muda, na kabla muda huo haujaisha mwenye mnyama hashtakiwi kwa kasoro hizo. Huo ni utaratibu wa haki. Nakushauri uombe jambo kama hilo kwa maandishi: "Naomba siku 14 nimtibu kidonda na nikate kwato, kisha uje uangalie tena." Afisa muungwana hupendelea punda aliyepona kuliko faili jipya. Ukipewa muda, utumie. Weka risiti za dawa, jina la daktari, na picha za kila wiki.

Hakikisha pia anayekutibia mnyama ni mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kumuuliza nambari yake ya usajili. Karatasi ya mtu asiyesajiliwa haitakusaidia mbele ya hakimu.

Wakitaka kumchukua mnyama

Hapa ndipo pana uchungu, kwa hiyo twende polepole. Kwanza uliza anachukuliwa kwa mamlaka gani: amri ya mahakama, hati ya upekuzi, au kama kielelezo cha kesi? Pili, omba orodha iliyoandikwa: mnyama wa aina gani, dume au jike, rangi, alama, hali yake wakati huo, anapelekwa wapi, nani atamlisha, na jina la afisa. Piga picha pande zote nne. Tatu, nenda kituo cha polisi uripoti upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Hilo halina malipo. Nne, usitie sahihi karatasi ya "kusalimisha" au "kukabidhi kwa hiari" usiyoielewa. Watu wamepoteza wanyama kwa karatasi kama hiyo huku wakidhani wanatia sahihi ya kupokea ushauri. Mwombe mtu unayemwamini akusomee kwanza.

Kama wanasema mnyama yuko katika hali mbaya mno na anapaswa kuuawa ili asiteseke, omba uamuzi huo utolewe na daktari wa mifugo na uandikwe. Mguu uliovunjika kwa punda au farasi mzima mara nyingi hauna tiba, na kumchelewesha ni kumtesa. Lakini kama una shaka, omba daktari wa pili, haraka, siku hiyo hiyo, na uwe tayari kumlipa mwenyewe.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, unaweza kunyamaza, uwasiliane na wakili au jamaa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda huo unaishia wikendi au nje ya saa za korti. Bondi ya polisi ni bure. Ukiachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, kwa sababu pesa hizo ni zako na hurudishwa ukifika kortini kama ulivyoahidi.

Vipi kuhusu kurudishiwa mnyama? Kama kesi ipo, mwombe hakimu atoe amri kuhusu mnyama wakati kesi inaendelea. Anaweza kuamua arudi kwako kwa masharti ya matunzo. Kama hakuna kesi na aliyemshikilia ni mtu binafsi au shirika, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kukusaidia. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya kurudishiwa mali inayohamishika na ya uharibifu wa mali, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ada ya kufungua kesi hutegemea kiasi unachodai; iulize kwenye dawati la mahakama kabla ya kulipa.

Ukiona afisa wa serikali amekuonea, iwe kwa kukunyima majibu, kuomba kitu kidogo au kukaa na mnyama wako bila sababu, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Kama ni polisi, nenda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Kulalamika kwa taasisi zote mbili ni bure. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria nayo ipo kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Mnyama aliyekamatwa akizurura ni habari tofauti, na ya kawaida zaidi. Kanjo humpeleka kwenye zizi la kaunti, nawe hutozwa ada ambayo huongezeka kila siku anapokaa humo. Ada hizo hutofautiana, na zimo katika sheria ya fedha ya kaunti yako. Omba uonyeshwe mstari unaotaja kiasi hicho, lipa kwa njia rasmi, chukua risiti. Nenda mapema. Anayengoja wiki nzima huku akitafuta "mtu anayejuana na mtu" huishia kulipa mara mbili.

Utathibitishaje ni wako?

Haya yote hayana maana kama huwezi kuonyesha kuwa mnyama ni wako. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2. Kati ya miaka hiyo machinjio ya punda yalifunguliwa kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China, na vijiji vingi viliamka na kukuta mazizi matupu. Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote, lakini mwizi hasomi maazimio.

Basi ukinunua punda au farasi, andikeni makubaliano: majina na nambari za vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi, bei, tarehe, maelezo ya mnyama, na mashahidi wawili. Pitieni kwa chifu. Ukimhamisha kwenda eneo lingine, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo. Mwenye farasi wa bei anaweza kumwekea chipu, kidude kidogo kinachopachikwa shingoni na daktari, chenye nambari inayosomwa kwa mashine. Mwenye punda anaweza kusajili alama ya chapa chini ya Sheria ya Chapa za Mifugo, Sura ya 357, lakini chapa ya moto huumiza, na picha nzuri za simu zikionyesha uso, pande zote, kwato na makovu hufanya kazi kubwa kwa gharama ya bando tu. Zitume pia kwa ndugu, maana simu nayo huibiwa.

Kwa msomaji wa Tanzania, mpangilio unafanana ingawa majina ya sheria ni mengine. Mnayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, ambayo ni mpya kuliko yetu na inazungumza waziwazi kuhusu ustawi, si ukatili peke yake. Ibara ya 24 ya Katiba yenu inalinda mali, na ya 16 inalinda faragha na maskani ya mtu. Kituo chako cha kwanza ni afisa mifugo wa kata, halafu daktari wa mifugo wa halmashauri. Yale maswali manne ya kumuuliza mgeni ni yale yale Dodoma na Nakuru.

Kabla ya wiki hii kuisha, pita ofisi ya mifugo ya wadi yako uulize jina na simu ya daktari wa mifugo wa eneo hilo. Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mnyama wako, pamoja na tarehe ya chanjo ya mwisho na ya kukata kwato. Mkaguzi akija, mwonyeshe daftari hilo kwanza.